Kujinyima na Kunyima

Miongoni mwa tabia ambazo watu wa mataifa yote wamezisifu, kuweka akiba ni mojawapo. Mtu apunguzaye chakula chake leo ili apate cha kesho huitwa mwenye busara. Mzazi avaaye kanzu iliyochakaa ili mwanawe apate ada ya shule huitwa mwema. Wahenga nao walisema ya kuwa akiba haiozi, na kwamba haba na haba hujaza kibaba. Hapana mtu abishaye juu ya sifa hiyo. Kwa sababu hii serikali yoyote itangazapo ya kwamba itabana matumizi yake, tangazo huingia masikioni likiwa limekwisha kuvaa nguo ya wema, na msikilizaji hulipokea kama apokeavyo habari ya jirani aliyeacha ulevi.

Lakini Kiswahili kina maneno mawili yanayokaribiana kwa sura na kuachana kwa maana. Kuna kunyima, na kuna kujinyima. Tofauti ya sauti ni silabi moja tu, na ndani ya silabi hiyo mna tofauti ya uchoyo na ukarimu. Ajinyimaye hupunguza katika sahani yake mwenyewe. Anyimaye hupunguza katika sahani ya mwenzake. Wa kwanza husifiwa bila ya maswali. Wa pili hapana budi aulizwe sababu, na huenda akawa nayo nzuri, walakini ni lazima aitaje. Swali la kuchunguzwa hapa ni hili: serikali ibanapo matumizi, je, hujinyima au hunyima?

Jibu laweza kutolewa mapema, kisha lithibitishwe. Serikali haina tumbo. Haili, haivai, haipangi chumba, wala haina mtoto wa kupeleka shule. Kila shilingi iingiayo Hazina hutoka katika mkono wa mtu, na kila shilingi itokayo Hazina huingia katika mkono wa mtu. Shilingi iliyozuiwa isitoke ni shilingi ambayo mtu fulani hakuipata. Basi serikali haiwezi kujinyima kwa maana iliyo kamili. Yaweza kumnyima mtu. Pengine mtu huyo astahili kunyimwa, na pengine hastahili; lakini yupo, ana jina, na ana watu wamtazamao jioni arudipo nyumbani. Maadamu yupo, kubana matumizi hakuwi wema kwa asili yake. Huwa haki au huwa dhuluma, kwa kadiri ya mtu aliyenyimwa na sababu ya kunyimwa kwake.

Swali kama hili likiachwa bila ya mahali pa kukaa hugeuka kuwa mchezo wa maneno. Kwa hiyo na litazamwe Tabata. Tabata ni kitongoji cha Dar es Salaam katika Wilaya ya Ilala, kando ya Barabara ya Mandela. Apitaye huko kwa daladala humsikia konda akiyaita majina ya vituo: Relini, Bima, Shule, Dampo, Kimanga, Segerea. Majina manne ya kwanza ni majina ya mambo ya umma: reli, bima, shule na jaa la taka. Wakazi wake ni wa kazi nyingi, na miongoni mwao wamo watu waliokula mishahara ya umma: makarani, walimu, wauguzi, mafundi, askari na wazee wa pensheni. Wengi walijenga kwa miaka mingi, tofali juu ya tofali, mwaka huu msingi, mwaka ujao ukuta, na bati Mungu akijalia.

Jina la Dampo lina habari inayofaa kutangulia nyingine. Taka za jiji zilikuwa zikimwagwa Tabata, na moshi wake, uvundo wake na inzi wake vikawa wageni wa kila nyumba. Mwaka 1988 wakazi walilishtaki Baraza la Jiji katika Mahakama Kuu, wakashinda. Baraza likaomba muda, kisha likaomba tena muda, kwa hoja ya kwamba halikuwa na mahali pengine pa kutupa. Mwaka 1991 Jaji Lugakingira alikataa kuuongeza muda huo, akataja haki ya kuishi iliyomo katika Katiba. Taka zikahamia Kunduchi Mtongani. Watu wa huko nao wakaenda mahakamani mwaka uleule, wakashinda, na taka zikahamia Vingunguti.

Habari hii ina somo lililo pana kuliko taka. Kutupa taka vizuri kulikuwa na gharama, na jiji lilikuwa haliilipi. Lakini gharama isiyolipwa na aliyepaswa kuilipa haikufutika. Ililipwa na vifua vya watoto wa Tabata, kisha ikatafuta watu wengine wa kuilipa. Gharama ina tabia ya taka yenyewe: ikikataliwa mahali pamoja hutafuta uwanja wa mtu ambaye sauti yake haijasikika bado. Aitazamaye daftari ya jiji peke yake angedhani ya kuwa pana fedha iliyookolewa. Aliyeishi karibu na jaa alijua ni nani aliyetoa fedha hiyo, na kwamba aliitoa bila ya kuombwa.

Katika miaka iyo hiyo gharama nyingine ilikwisha kuhamia Tabata na vitongoji vyote vya Dar es Salaam, na hiyo haikuwa na jaji wa kuizuia. Sababu zake zajulikana. Bei ya mafuta ilipanda duniani mwaka 1973, ikapanda tena mwaka 1979. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977. Vita dhidi ya majeshi ya Idi Amin, mwaka 1978 na 1979, vilimeza fedha za nchi iliyokuwa haina fedha nyingi. Serikali ilijikuta na watumishi wengi na mapato machache. Ingaliweza kuwaambia watumishi wake waziwazi ya kuwa haiwezi kuwalipa. Lakini ilipita njia iliyo kimya zaidi, yaani kuiacha mishahara itambae wakati bei zikikimbia. Aili Mari Tripp, mtaalamu wa elimu ya siasa aliyefanya utafiti Dar es Salaam mwaka 1987 na 1988, ameandika ya kwamba thamani halisi ya mishahara ilianguka kwa asilimia 83 kati ya mwaka 1974 na 1988. Maana yake kwa lugha ya jikoni ni kwamba mshahara uliokuwa ukinunua vibaba sita vya mchele ulifikia kununua kimoja.

Hapana aliyefukuzwa kazi kwa tendo hilo, na hapana waraka uliosema ya kuwa mishahara imepunguzwa. Asubuhi karani alikwenda ofisini kama jana, akakaa katika kiti kilekile, akapiga mhuri uleule. Basi watu waliishije? Jibu lilikuwa nyuma ya nyumba. Palikuwa na banda la kuku, na kwa waliojaliwa palikuwa na ng'ombe wa maziwa. Palikuwa na mchicha kando ya bomba, cherehani barazani, maandazi na vitumbua alfajiri, na barafu za kuwauzia wanafunzi mchana. Kiswahili cha mjini kikawa na neno la mambo hayo yote: mradi. Neno lililokuwa la wizara na mipango yake ya maendeleo lilishuka likawa la mama na kuku wake. Tripp aliona ya kwamba sehemu iliyo kubwa ya pato la nyumba za mji huu ilikuwa ikitoka katika miradi hiyo, wala si katika mshahara, na kwamba wanawake ndio walioubeba mzigo wake mkubwa.

Hapa yafaa kusimama kidogo, kwa kuwa hapa ndipo ulipo moyo wa swali. Mtumishi ambaye mshahara wake haufiki hata nusu ya mwezi, na bado huonekana kazini kila siku, analipwa na nani? Mke aliyeamka saa kumi za usiku kukaanga maandazi, ili mumewe karani apate nauli ya kwenda ofisini, alikuwa akilipa sehemu ya mshahara wa mtumishi wa serikali. Mtoto aliyebeba sinia la karanga baada ya masomo alikuwa akilipa sehemu nyingine. Nyumba ilikuwa ikiikopesha Hazina. Mkopo huo haukuwa na hati wala riba, haukuandikwa katika deni la taifa, na hapana mtaalamu kutoka Washington aliyeuhesabu mwaka 1986 serikali ilipofanya mapatano na Shirika la Fedha la Kimataifa. Madeni ya ng'ambo yalijadiliwa na mengine yakasamehewa. Deni la watu wa Tabata halikujadiliwa, kwa kuwa wadai wenyewe hawakujua kuwa ni wadai.

Zaidi ya hayo, mkopeshaji huyo aliwahi kusumbuliwa. Azimio la Arusha la Februari 1967 lilikuwa limemkataza kiongozi kupokea mishahara miwili au kupangisha nyumba, na wengi katika utumishi wa umma walihesabiwa kuwa viongozi. Katazo hilo lilikuwa la haki kwa mtu ambaye mshahara wake mmoja wamtosha. Lilipomkuta mtu ambaye mshahara wake haumfikishi tarehe kumi na tano, likawa sheria ambayo kuitii ni kulala njaa. Mwaka 1983 ikaja Sheria ya Nguvu Kazi, na wachuuzi wasio na vibali wakakamatwa mijini, baadhi yao wakiwa ndio waliozilisha nyumba za watumishi. Masharti ya uongozi hayakulegezwa hata mwaka 1991, katika kikao cha chama kilichofanyika Zanzibar. Kwa muda wote wa katikati, mtu mwaminifu alifundishwa na maisha yake mwenyewe ya kuwa sheria ni jambo moja na kula ni jambo jingine. Huo ni ufundi mbaya wa kumfundisha mtumishi wa sheria.

Gharama haikuishia katika nyumba ya mtumishi. Ilivuka ikamfikia mtu asimamaye mbele ya dirisha lake. Methali isemayo kwamba mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake ilipata kazi mpya katika ofisi. Mwalimu alibakiza sehemu ya somo la asubuhi ili aliuze jioni kwa jina la tuisheni. Faili lilipotea, likaonekana baada ya chai. Mwaka 1996 Rais Benjamin Mkapa aliunda tume juu ya rushwa, chini ya Jaji Joseph Warioba, na taarifa yake ilitenga rushwa ya namna mbili: ile ya watumishi wadogo, ambayo asili yake ni kipato kisichotosha, na ile ya wakubwa, ambayo asili yake ni tamaa. Kuitenga namna mbili ilikuwa kazi ya haki, kwa sababu mgonjwa wa njaa na mgonjwa wa ulafi huonekana wote wakila, lakini dawa zao si moja.

Je, hoja hii yamsamehe karani aliyepokea chai? Haimsamehi. Mjane aliyeuza kuku wake ili apate cheti cha mirathi hakuwa na hatia ya bei za mafuta duniani, na njaa ya karani si ruhusa ya kumhamishia mjane njaa hiyo. Karani aliyefanya hivyo alitenda lilelile alilotendewa: alikataa gharama yake, akaitupa katika uwanja wa asiye na sauti. Wako pia waliokataa kuitupa, wakachagua mchicha na maandazi kuliko faili la kupotea, na heshima yao ni kubwa kuliko medali. Lakini dhambi ya karani haimtakasi aliyemweka katika mtihani. Mwajiri ajuaye ya kuwa ujira autoao haumlishi mtu, na ajuaye ya kuwa mtu huyo ameshika mhuri, amekwisha kujua ni nani atakayelipa kilichopungua. Kutoiuliza habari hiyo ni njia mojawapo ya kuipanga.

Ipo hoja ya upande wa pili, na ni nzito. Mtu mwadilifu hawezi kuipita kando. Walioajiriwa na serikali ni sehemu ndogo ya Watanzania. Walio wengi hulima, hufuga, huvua na kuchuuza. Mkulima wa Kibondo hana mshahara wa kupunguzwa, wala likizo yenye malipo, wala pensheni. Mvua ikikosa kunyesha haandiki malalamiko kwa chama cha wafanyakazi. Kwa nini basi kodi ya sabuni na chumvi yake ikamlinde karani wa Tabata, ambaye hata katika mwezi ulio mbaya ana tarehe ya kulipwa? Azimio la Arusha lenyewe lilionya ya kuwa miji yaweza kumnyonya mkulima, kwa kuwa mikopo ijengayo miji hulipwa kwa jasho la mashamba. Kwa hoja hii, kumpunguzia mtumishi ni kumrudishia mkulima kilicho chake.

Hoja hiyo ingekuwa na nguvu kamili kama mkulima angekutana na serikali katika vitabu vya hesabu. Lakini hukutana nayo katika mtu. Kwake yeye serikali ni muuguzi wa zahanati, ni mwalimu wa darasa la tatu, ni karani wa mahakama ya mwanzo. Muuguzi huyo akiwa na njaa, mkulima hulipa mara mbili: mara ya kwanza katika sabuni na chumvi, na hupata huduma pungufu, mara ya pili katika kiganja, na hapati stakabadhi. Kodi ya kwanza hupitishwa na Bunge na hukaguliwa. Ya pili haina Bunge wala mkaguzi, na kipimo chake ni haja ya mlipaji: kadiri mtoto wake anavyougua sana, ndivyo bei inavyopanda. Basi fedha iliyopunguzwa kwa mtumishi haikumrudia mkulima. Ilibadili njia tu, ikaacha barabara yenye taa ikapita uchochoroni.

Baada ya kusema hayo, ingekuwa upumbavu kuhukumu ya kwamba serikali isipunguze kitu kamwe. Nchi yaweza kufikwa na mwaka mbaya kama nyumba ifikwavyo, na hapo swali huwa ni nani atakayeanza kupunguziwa. Juu ya jambo hili historia ya Tanzania ina tukio linalowahusu hasa wanafunzi. Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu cha Dar es Salaam waliandamana kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa, yakiwamo ya kukatwa mishahara. Mwalimu Julius Nyerere aliwasikiliza, akakasirika, akatangaza ya kuwa mshahara wake mwenyewe utapunguzwa kwa asilimia 20. Wakubwa wengine nao wakapunguziwa. Wanafunzi karibu 400 walirudishwa makwao. Juu ya adhabu hiyo watu wamebishana, na wataendelea kubishana. Juu ya asilimia 20 haukuwa na budi kuwapo ukimya, kwa sababu ile ilikuwa moja ya nyakati chache ambapo mtawala alilitumia neno la kujinyima pamoja na silabi yake.

Hata hivyo mfano wa mkubwa, ujapokuwa wa lazima, hautoshelezi. Asilimia ni kipimo kinachojifanya sawa kwa watu wote. Septemba 1931, wakati wa mdororo wa uchumi duniani, serikali ya Uingereza ilipunguza mishahara ya watumishi wake. Maofisa wa jeshi la majini walipoteza kama sehemu ya kumi. Mabaharia wengi wa daraja la chini, waliokuwa katika viwango vya zamani, walipoteza robo, kutoka shilingi nne za kwao kwa siku hadi tatu. Manowari zikiwa bandarini Invergordon, Scotland, mabaharia walikataa kung'oa nanga. Serikali ililazimika kulegeza, na tarehe 21 mwezi uleule nchi hiyo iliacha kuifungamanisha fedha yake na dhahabu. Hapo dhuluma ilionekana upesi kwa sababu kiwango chenyewe hakikuwa sawa. Lakini hata kiwango kingalikuwa sawa, mizigo isingalikuwa sawa. Mkurugenzi aliyepunguziwa sehemu ya kumi huahirisha kununua gari. Tarishi aliyepunguziwa sehemu ya kumi huahirisha chakula cha mchana. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na asilimia ni mzani unaozipima kanda zote kana kwamba zimejaa usufi.

Hesabu ya Tabata yaonyesha jambo hilo bila ya ufundi mwingi. Hadi Juni 2025 kima cha chini cha mshahara katika utumishi wa umma kilikuwa shilingi 370,000 kwa mwezi. Mtumishi wa kima hicho akipanga chumba cha shilingi 60,000, na mwenye nyumba akidai kodi ya miezi sita kwa mara moja kama ilivyo desturi ya mji huu, hutakiwa kutoa 360,000 siku ya kwanza. Makato ya pensheni na bima ya afya yakiondolewa katika mshahara wake, kilichobaki hakifiki hata hapo. Basi huingia katika upatu wa majirani, na upatu ukiwa mbali na zamu yake huingia katika mikopo ya mtaani, ile ambayo watu wameipa jina la kausha damu. Jina hilo halikutungwa na washairi. Lilitungwa na wakopaji.

Kwa hiyo yapasa kutenga kupunguza kwa namna mbalimbali, kama tume ya 1996 ilivyotenga rushwa. Kati ya mwaka 1992 na mwisho wa miaka ya 1990 idadi ya watumishi wa serikali ilishushwa kutoka kama 355,000 hadi chini ya 280,000. Katika hesabu hiyo walikuwamo majina yasiyo na watu, na walikuwamo watu wenye nyumba. Ajira mpya nazo zilizuiwa kwa miaka kadhaa, hata mtoto aliyesomeshwa kwa maandazi akamaliza masomo akakuta mlango umefungwa. Desemba 2015 Rais John Magufuli alifuta sherehe za Uhuru, siku ikawa ya usafi, na fedha zake zikaelekezwa katika kupanua barabara ya Morocco hadi Mwenge. Safari za nje nazo zikapunguzwa. Hapana jiko lililozimika Tabata kwa sababu ya gwaride lisilofanyika. Mwaka 2016 watumishi hewa zaidi ya 10,000 waliondolewa katika orodha ya mishahara. Huyo ndiye mtumishi pekee awezaye kupunguzwa bila ya kumnyima mtu haki yake, kwa kuwa naye hana tumbo. Mwenye tumbo ni mwizi asimamaye nyuma ya jina lake.

Lakini mkono uleule uliendelea mbele zaidi. Aprili 2017 ilitangazwa orodha ya watumishi 9,932 waliopatikana na vyeti vya kughushi, wakaondolewa kazini. Kosa lilikuwa kosa. Walakini vyeti vilikuwa vya uongo na kazi ilikuwa ya kweli, na michango ya uzeeni waliyokatwa ilikuwa fedha ya kweli. Haikuamuliwa warudishiwe hadi mwaka 2022. Tangu mwaka 2016 nyongeza za kila mwaka na kupandishwa vyeo vilisimama kwa miaka, na waliosimamishwa hapo hawakuwa hewa wala hawakughushi kitu. Mwaka uleule makato ya mkopo wa elimu ya juu yalipandishwa kutoka asilimia 8 hadi 15 ya mshahara. Mwalimu kijana aliyesoma kwa mkopo alijikuta na mshahara usiokua na makato yaliyokua. Mwaka 2022 Rais Samia Suluhu Hassan alipandisha kima cha chini kwa asilimia 23.3, na kuanzia Julai 2025 kikapanda hadi 500,000. Nyongeza hizo zastahili shukrani. Lakini nyongeza huelekea mbele tu. Mtoto aliyehamishwa shule mwaka 2018 kwa kukosa ada hawezi kurudishiwa mwaka 2018.

Kutokana na hayo yote haitoki hukumu ya kwamba kubana matumizi ni kubaya, wala ya kwamba ni kuzuri. Inatoka haja ya daftari yenye kurasa mbili. Kila Juni Waziri wa Fedha husimama Bungeni Dodoma akasoma makadirio ya mwaka, na taifa husikia ni fedha ngapi zitapatikana na ni ngapi zitaokolewa. Huo ni ukurasa wa kwanza, na husomwa kwa sauti. Ukurasa wa pili haujaandikwa. Ungetaja, kando ya kila fedha iliyookolewa, mtu atakayeilipa badala ya Hazina: kama ni msafiri atakayekosa tiketi ya ndege, au ni tarishi atakayekosa chakula, au ni mgonjwa atakayetakiwa kutoa chai, na ungetaja kama mtu huyo aliulizwa. Waziri aliyeuandika ukurasa huo angeweza bado kupunguza, na pengine angekuwa na haki ya kupunguza. Ila angalikuwa amekwisha kuitaja sababu mbele ya aliyenyimwa, kama ilivyo wajibu wa kila anyimaye.

Ukurasa huo ni kazi inayowafaa hasa wasomi, ambao wengi wao ada zao zilitoka katika sinia la maandazi. Wachumi na waweze kuhesabu saa za mama wa Kimanga kama wanavyohesabu tani za korosho, na wanasheria waulize kama haki ya kuishi, iliyowatosha watu wa Dampo mwaka 1991, yaweza kumtosha pia mtu ambaye ujira wake hauishi naye hadi mwisho wa mwezi. Kazi hiyo ikifanyika ndipo itakapojulikana ni fedha ngapi ziliokolewa kwa kweli, na ni ngapi zilizohamia Tabata.